Nukta Aliyoanza Nayo

Mkuu wa Ramani hakuwa akimwonesha mtu njia kwa kidole. Ukimuuliza nyumba ya fulani iko wapi, na nyumba yenyewe anaiona pale ng'ambo ya barabara, atavuta pumzi, atapapasa miwani mfukoni, atakwambia, "Ngoja nikutazamie." Hapo ataingia ndani kwenye kompyuta yake, nawe umesimama juani, mpaka mpita njia akuonee huruma akuelekeze. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, Wete, katika ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu bado ipo na watu wake wana haya zao. Kwao ni wapi na ni mwana wa nani, wengine watasema. Mimi namjua akiwa kwenye kiti chake, na namjua pia akiwa nje ya kiti hicho, ambako alikuwa mtu mwengine kabisa.

Chumba cha ramani ndicho peke yake kilichokuwa na kiyoyozi katika jengo zima, na hilo tu lilitosha kumvimbisha kichwa. Viatu vilivuliwa mlangoni. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kazi ya mkono wa mkewe, na hakuna aliyeruhusiwa kukifunua ila yeye. Mkubwa mmoja kutoka Unguja aliwahi kuambiwa avue viatu, akavua, akakaa kikao kizima akificha chini ya kiti soksi zilizotoboka. Umeme ukikatika, na miaka ile Pemba umeme ulikatika kwa raha zake, Mkuu hakunyanyuka. Alibaki mbele ya kioo cheusi akituonesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo kila kitu kilikuwapo kabla ya kuzimika, nasi tunaitikia "Naam, Mkuu" huku jasho linatutiririka.

Kazi yenyewe haikuwa na miujiza. Sisi wa chini tulizunguka vijijini na kifaa cha kupimia mahali. Tunasimama kando ya kila mfereji, ndiyo bomba la kuchotea maji kwa lugha yetu, kila kisima, kila skuli, tunachukua mahali pake na tunaandika hali yake. Tukirudi, yeye anakitia kila kimoja kwenye kompyuta kinakuwa nukta, na kila nukta inafuatana na sifa zake: huu ni mfereji, ni wa watu wote, unatoa maji, bomba lake ni la aina fulani. Mkuu alizipenda nukta zile kuliko alivyowapenda watu waliokuwa wakichota maji hapo, na simsingizii. Niliwahi kurudi na habari kuwa mfereji wa kijiji kimoja umekauka na watu wanalia, akaniuliza kama nilisimama upande wa mashariki wa mfereji au wa magharibi.

Mchezo alioupenda kuliko yote aliuita kuita jamaa. Unabonyeza nukta moja. Unaiambia programu: nitafutie zilizo karibu na hii, zisipite umbali huu, na zenye sifa sawa na hii. Kompyuta inafikiri kidogo, kisha nukta nyengine pembeni yake zinawaka njano. Hapo Mkuu hufungua mikono yote miwili. "Jamaa zake hao! Wameitikia!" Wageni walipiga makofi. Waliotoka Unguja walipiga, waliotoka Ulaya walipiga, na sisi tulipiga kila mara kwa sababu mtu akipiga makofi alizidi kukaa kidogo kwenye kiyoyozi. Dereva wetu, mtu wa masihara, alimwambia siku moja, "Yakhe Mkuu, hebu nibonyeze na mie, tutazame chamba nna jamaa hapa karibu wa kunialika chakula cha mchana." Mkuu hakucheka. Alimweleza dereva kwa utulivu kabisa kwamba yeye hawezi kubonyezwa kwa kuwa hajaingizwa kwenye mfumo.

Wala usidhani alikuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe siku nyingi. Alikuwa na akili kali, na alikuwa na aina ya ujinga ambao mtu mwenye akili hujitengenezea kwa makusudi, akaulinda usiguswe. Tulikwenda Makangale kutafuta kisima kimoja cha zamani. Kifaa kilichora mstari ulionyooka kutoka tulipo mpaka kisimani, na barabara kama ujuavyo barabara za huko, inazunguka msitu inapotaka yenyewe. Mkuu akashuka garini. "Mstari haupindi," akasema, akaukata moja kwa moja. Tulimfuata kwa adabu mpaka kwenye matope ya mikoko, yakamfika magotini, kiatu kimoja kikabaki humo mpaka leo. Kulikuwa na wanawake wanaokota chaza, mmoja akanyoosha mgongo akamtazama.

"Bwana, njia kuko! Mbona wapita topeni?"

"Mimi nafuata satelaiti," akajibu Mkuu.

"Haya, iambie ikuvute basi."

Wanawake wale walicheka mpaka wakakaa. Mkuu aliwapa mkono mmoja mmoja, akawauliza hali, akawatakia kazi njema, akaendelea na mstari wake akiwa na kiatu kimoja. Huo ndio ulikuwa msiba wa kumchukia: alikuwa na adabu nzuri mno. Hakumpandishia mtu sauti hata siku moja. Mimi nilipoanza kazi, wazee wawili watatu wa ofisini walinung'unika kuwa mtoto wa kike hawezi kuzungukia vijiji juu ya honda, na yeye ndiye aliyewaambia, "Anaisoma ramani kuliko nyinyi nyote, mwacheni." Akanifundisha kila alichokijua, bila choyo, akirudia mara ngapi sijui. Akileta machungwa alitugawia wote, akiyamenya kwa kisu kidogo ganda lisikatike mpaka mwisho, na kila mtu alipata pande lake, awe wa chama chake au wa chama chengine.

Hapo ndipo penye habari yenyewe. Miaka hiyo ya vyama vingi, sisi Wapemba tulikuwa tumefika mahali pa aibu. Ukipita uchaguzi, mtu hanunui dukani kwa asiye wa chama chake. Hapandi gari yake. Harusi yake haendi. Hata maiti wake hamziki, na ndugu wa tumbo moja walipitana njiani kila mmoja akitazama migomba. Wadogo walifanya hivyo, wakubwa walifanya hivyo, na waliosoma walifanya hivyo huku wakisema hawafanyi. Mkuu alikuwa wa hawa wa mwisho. Neno lake kubwa, alilolisema kila kikao na kila mgeni, lilikuwa hili: "Ramani haina chama." Alilisema vizuri, kwa sauti ya chini, na wageni waliliandika.

Sasa twende naye kwake Jadida, mtaa wa hapohapo Wete. Ukuta kwa ukuta na nyumba yake palikuwa na duka la bwana mmoja, duka lenye kila kitu, sukari, mafuta ya taa, vitumbua asubuhi. Bwana yule alikuwa wa chama kile chengine. Basi Mkuu wa Ramani, mtu anayejua umbali wa kila kitu na kila kitu kisiwani, alitoka kwake jua la mchana na mfuko wake, akalipita duka lile bila kugeuza shingo, akalipita la pili, akenda mpaka mwisho wa mtaa kununua sukari ileile. Nilikutana naye mara nyingi akirudi, kanzu imemganda mgongoni. "Vipi, Mkuu, dukani?" namuuliza kwa makusudi. "Najinyoosha miguu," anasema. Msikiti nao ulikuwa vivyo hivyo. Uliokuwa karibu naye hakuswali, alivuka mitaa miwili kuufuata ule wa wenziwe. Na mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua kwa jirani kupitia mlango wa uani, na Mkuu akinywa chai ile yenye sukari ya adui bila kuuliza imetoka wapi.

Ofisini anakula sinia moja na dereva wa chama kile. Mtaani hampi dereva yuleyule salamu. Nilijaribu kuyaelewa hayo nikashindwa, nikaamua kumdharau, na dharau ilinipa nafuu.

Shangazi yangu aliyenilea alikuwa akikaa Kiuyu, mjane, kwenye nyumba ambayo mumewe aliijenga kwa mikono yake na amezikwa hatua chache nyuma yake. Kitongoji chao kilikuwa na mfereji mmoja. Baada ya uchaguzi mmoja uliokuwa mbaya kuliko nyengine, wanawake wa upande wa juu na wa upande wa chini walianza kusukumiana ndoo, na siku moja ndoo ya Shangazi ikamwagwa mbele ya watu na mwanamke ambaye wamecheza naye utotoni. Wanaume wa upande wetu wa chini, waliokuwa wa chama kile chengine, wakaona bora watoke. Walichimba mtaro kwa majembe yao, wakavuta bomba, wakajiwekea mfereji wao, na baadaye serikali ikautambua ukahesabika wa watu wote. Mtu akikohoa kwenye mfereji huu anasikiwa kwenye ule. Ukipita mgeni utashangaa watu hawa wana utajiri gani wa maji mpaka wakaweka mifereji miwili uani kwa uani.

Vitongoji vya namna hiyo vilikuwa vingi, na Mkuu alivijua kama nilivyovijua mimi.

Kisha ukaja mradi wa kutengeneza mabomba upya. Maji hayakutosha kulisha kila mfereji, kwa hiyo likatoka agizo: mifereji iliyokaribiana na iliyo sawa ipunguzwe, ubaki mmoja pahali pamoja, myengine ifungwe. Kazi ya kuchagua ikaangukia chumba cha ramani. Mkuu alifurahi siku ile kama mtu aliyeoza binti. Kuita jamaa sasa kulikuwa kazi ya serikali.

Nilimwendea kabla hajaanza. Nikamwambia, Mkuu, mifereji ile haiko sawa. Sifa tulizoziandika ndizo zilizo sawa, lakini kuna sifa moja hatukuiandika, ya nani anachota wapi na kwa nini. Tuongeze safu moja tu.

Alivua miwani. "Unataka niandike chama cha watu kwenye ramani ya serikali?"

"Sikusema chama. Nimesema wanaochota."

"Ni hichohicho. Leo tunaandika kwa ajili ya maji. Kesho ataichukua nani, afanye nayo nini? Wewe mwanangu unanitafutia kifungo, na hao watu unawatafutia zaidi ya kifungo."

Na hapo, niseme kweli, alikuwa na haki. Ramani ile ingeonesha nyumba kwa nyumba nani ni nani, na sote tulikuwa tunajua watu walivyotafutwa majumbani mwao miaka ile. Kilichonikera ni jinsi alivyoridhika na jibu lake, alivyoifuta miwani, akaivaa, akaniambia, "Ramani haina chama," na akafunua kile kitambaa cha maua.

Nilikaa ubavuni pake kumtajia vitongoji. Nitakueleza namna ilivyokuwa, maana hili ndilo jambo moja ninalomshikia mpaka leo. Programu haikuchagua mfereji wa kubaki. Ilikuwa inataka mtu aanze na nukta moja, kisha yenyewe itafute jamaa za nukta ile zilizo karibu. Ile aliyoanza nayo mtu ndiyo inayobaki. Zinazoitika, zinazowaka njano, ndizo za ziada, ndizo za kufungwa. Kwa hiyo yote yalikuwa kwenye mkono wake, nukta ipi anaibonyeza kwanza.

Namtajia kitongoji, anakisogeza karibu, nukta mbili zinatokea zimegusana. Anabonyeza moja. Nyengine inawaka. Anasema, "Ya ziada." Namtajia cha pili. Anabonyeza. Mwanzo sikuangalia. Kisha nikaanza kuangalia, kwa kuwa vitongoji vile nimevitembea kwa miguu yangu na mifereji ile nimesimama kando yake. Mkono wake haukusita hata mara moja. Huku ulikwenda kushoto, kule ulikwenda kulia, pengine juu, pengine chini, na kila ulikokwenda ulikwenda kwenye mfereji wa watu wa chama chake. Ile safu aliyokataa kuiandika alikuwa nayo kichwani, imekamilika, kitongoji kwa kitongoji, bila kosa.

Tukafika Kiuyu. Nukta zikatokea. Mkono ukaanza kwenda juu.

"Anza na ule mwengine, Mkuu."

"Kwani kuna tofauti? Sifa zao ni moja."

"Kama ni moja, anza na ule mwengine."

Si mtu wa hasira, nimeshasema. Alinitazama kwa upole uleule aliokuwa nao akinifundisha kazi, kisha akarudisha macho kwenye kioo akabonyeza wa juu. Wetu ukawaka njano. "Ya ziada," akasema, na akaningoja nimtajie kitongoji kinachofuata. Nikanyanyuka nikatoka, nikavaa viatu vyangu mlangoni. Nilimwandikia mkubwa wake, nikamwendea mwenyewe, nikaambiwa kuwa kompyuta imechagua na kompyuta haina upendeleo.

Wakaja watu wakakata bomba la upande wetu. Baadhi ya jirani zake Shangazi walivumilia siku chache, kisha wakajikaza wakenda kuchota juu, wakala matusi, wakazoeana nayo. Shangazi hakwenda.

"Mie sendi kwa watu walomwaga maji yangu," aliniambia. "Nikifa na kiu n'zike hivyo hivyo."

"Shangazi, maji ni maji."

"Aka! Yale si maji. Yale ni mdomo wa mtu."

Akawa anashuka bondeni kwenye kisima cha zamani, mwanamke wa umri wake, na ndoo kichwani. Masika ilipokolea njia ile ikawa utelezi. Akaanguka akavunjika nyonga, akakaa pale kwenye tope mpaka mtu mmoja akapita, na aliyepita, kwa kudra, alikuwa ni mwanamke yuleyule aliyemmwagia ndoo. Alimbeba mgongoni mpaka juu akilia njia nzima, na tangu siku ile hao wawili wamepatana. Lakini nyonga haikupatana na mtu. Shangazi alitoka hospitali akaja kukaa kwangu Wete, na nyumba yake Kiuyu ikabaki bila wa kuifagia. Makuti yalianguka msimu wa pili, ukuta ukafuata. Alichokitaka duniani kilikuwa ni kufia nyumbani mwake, karibu na mumewe, na hicho ndicho alichonyang'anywa.

Mkuu alikuja hospitali kumtazama. Alileta machungwa, akakaa kitandani kwake akamenya moja baada ya jengine, ganda halikatiki, akamuuliza maumivu, akamwombea dua ndefu. Mimi nilisimama dirishani kwa kuwa nilijua nikimkabili nitasema. Alipoondoka Shangazi akaniambia, "Bosi wako ntu mwema. Wengi hawaji kututazama sie." Nilimwacha apone kwanza. Alipopata nguvu nikamweleza yote, nukta na mkono na njano, nikamchorea kwa kijiti uani mpaka akaelewa. Akacheka, kicheko kikavu. "Basi machungwa yale nshayala," akasema.

Mkuu alistaafu kwa sherehe. Walimpa ramani ya kisiwa imetiwa fremu na kioo, wakasoma risala, wakasema ameipa Pemba macho. Mimi nilipiga makofi kama wengine na nikala biriani yao. Kiti chake nilipewa mimi. Siku ya kwanza niliruhusu viatu ndani, na kitambaa cha maua nikamrejeshea nyumbani kwake, kwa kuwa mkewe alikuwa amekwisha kufariki na kilikuwa haki yake. Jambo la pili nililofanya ni kuuliza kama mfereji wa Kiuyu unaweza kufunguliwa. Bomba lilikuwa limeng'olewa zamani, na waliokuwa wakichota pale walikuwa wakichota kwengine. Nukta ipo bado kwenye ramani, imeandikwa kuwa imekufa.

Wakubwa wa vyama nao wakapatana, kisha wakagombana, kisha wakapatana tena, kama kawaida yao. Watu wa chini walichoka. Duka lile la Jadida likaanza kupata wateja wa kila upande, mitaani watu wakarudi kuzikana. Mkuu peke yake hakurudi. Alizidi kuzeeka na mfuko wake, analipita duka lile, anakwenda mwisho wa mtaa, miguu siku hizi ikimuuma kweli. Nilimpita kwenye honda nisimpe lifti, na sijuti.

Alikuja nyumbani kwangu Ijumaa moja baada ya sala. Kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, kofia ya kiua. Nikamkaribisha ukumbini. Shangazi alikuwa chumbani, pazia tu katikati. Mkuu aliuliza habari za watoto, habari za ofisi, akauliza kama kiyoyozi bado kinafanya kazi. Nikamwambia kimekufa. Alisikitika zaidi ya nilivyowahi kumwona akisikitika.

"Mwanangu," akasema mwisho, "nasikia mnaipitia upya mifereji ya mji."

"Ndiyo, Mkuu. Maji hayatoshi."

"Mtaani kwetu ipo miwili."

"Naijua." Nani asiyeijua? Mmoja uko mlangoni kwa bwana wa duka. Wa pili uliwekwa mbele ya nyumba ya Mkuu miaka ileile ya chuki, ili yeye na wenzake wa chama wasichote kwa bwana yule.

Alijisogeza kitini, akateremsha sauti. "Ukifika pale, anza na wangu."

Alilisema bila haya yoyote. Alilisema kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake, katika mambo ya kazi wanayoyajua wao wawili. Miaka yote ile nilikuwa na ushahidi wa macho yangu tu, na sasa mwenyewe ameniwekea mezani kwa maneno machache.

"Na Kiuyu ulikuwa unajua?"

"Vitongoji vyote nilivijua. Mie mtu wa hapahapa, nisijue?" Alilisema hilo kwa fahari kidogo. Kisha akaona uso wangu. "Nilidhani mtapatana. Mifereji miwili inawaweka watu mbali. Ukibaki mmoja, watakutana tu."

"Basi na kwenu utabaki mmoja, Mkuu. Mtakutana."

Alitazama chini. "Mie na yule bwana hatujasemezana umri mzima. Nitasimamaje mlangoni kwake na ndoo?"

Nikamweleza, na nilimweleza polepole, kwamba siku hizi hakuna nukta ya kuanzia. Kazi imebadilika. Mifereji inapokaribiana tunatazama wanaochota, wenye watu wengi unabaki, na wanaochota tunawahesabu bila kuwauliza wao ni nani. Wenzake wa chama walikwisha kurudi zamani kuchota kwa bwana wa duka, kwa kuwa kule kuna kivuli na soga. Kwenye mfereji wake anachota yeye peke yake.

"Kwa hiyo utafungwa."

"Utafungwa."

"Na mie nitakunywa wapi?"

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale miaka na miaka, nikiwaza kuwa siku nitakayoyasikia yatanitia huruma, nitajiona mdogo kwa kuyangoja. Hayakunitia huruma. Yalinifurahisha, na niliona uso wake mzee, na bado yakanifurahisha.

Pazia likafunguka. Shangazi alitoka na mkongojo wake, mguu mmoja ukiburura nyuma ya mwengine. Mkuu akanyanyuka haraka, heshima yake haijampotea.

"Bi Mkubwa. Hujambo?"

"Sijambo, Bwana Mkuu. Kaa." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, ntilie Bwana Mkuu maji kwenye dumu. Lijaze."

"Hapana, Bi Mkubwa, usijisumbue. Sikuja kwa hilo."

"Aka! Mie nimesikia kwa masikio yangu. Umekuja kutaka maji, utatoka na maji. Au ya kwangu hayanyweki?"

Hakuweza kukataa. Mwanamke mzee, kiwete, anakupa maji mbele ya watu wa nyumba yake; nani atakataa? Nililijaza dumu mpaka kooni, nikalifunga kifuniko, nikaliweka mlangoni. Alilinyanyua kwa mkono wa kulia, bakora akaihamishia kushoto. Akashukuru. Akatoka na kanzu yake ya Ijumaa, saa ambayo kila baraza kuanzia kwetu mpaka Jadida imejaa watu wanaopunga upepo baada ya chakula, na njia ya kwake ni moja, inapita mlangoni kwa bwana wa duka. Kila mtu alimsalimu. Kila mtu aliliona dumu. Baada ya nyumba chache alilitua, akasimama, akabadilisha mkono, akaendelea.

Shangazi alishika mwimo wa mlango akimtazama mpaka alipokata kona.

"Mzee yule, Shangazi," nilisema. "Dumu lile zito."

"Nalijua uzito wake."

Akageuka kurudi chumbani, pole pole, akivuta ule mguu. Kwenye pazia akasimama.

"Na kesho akija mpe tena," akasema. "Nataka aizowee njia."